Kompyuta Iliyogoma Kuwaka

Simu iliita saa moja asubuhi siku ya Jumamosi, chai haijatoka hata jikoni. Aliyepiga ni mpwa wangu, mtoto wa kaka yangu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kulia akanawa uso.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Mmeamkaje huko?"

"Tumeamka salama. Ila kompyuta imekufa."

Wanangu mnaosoma, mimi ni fundi kompyuta hapa Tanga, na neno hilo nalisikia dukani kila wiki. Imekufa. Mtu amebonyeza kitufe, taa haikuwaka, feni haikuzunguka, basi papo hapo anatandika mkeka wa msiba. Lakini kompyuta haifi kama anavyokufa kuku. Isipowaka, mara nyingi ni kwamba umeme ulitoka ukutani, ukashika njia, ukafika mahali ukakwama. Anayetaka kujua ulipokwama aufuate kituo kwa kituo, kama mkulima anavyolifuata bomba la maji shambani mpaka aone palipolowa.

Siku ile mimi na kijana wa kidato cha kwanza tuliufuata. Nataka niwasimulie tulivyofanya, maana tuliyemkuta mwisho wa njia siye yule ambaye nyumba nzima ilikwisha kumhukumu.

Nyumba ilimhukumu radi. Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ya masika ilipiga kweli kweli, umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika tena. Nilipofika, saa tatu hivi, kaka yangu alinipokea mlangoni na hukumu yake: "Radi imeichoma hii." Wifi yangu alikuwa ameanza kukadiria wanunuzi wa vyuma chakavu wangetoa shilingi ngapi. Jirani aliyekuja kuazima ndoo alisema ni betri, kwa sababu ya shemeji yake ilikuwa betri. Kijana mwenyewe alikuwa amekaa kitandani anaitazama tu. Humo ndani mlikuwa na insha yake ya historia kuhusu mashamba ya mkonge, na mwalimu aliitaka Jumatatu.

"Umebonyeza mara ngapi?" nilimuuliza.

"Nyingi, shangazi. Labda mara hamsini."

Hilo ndilo jambo la kwanza la kuacha. Mara hamsini hazitakuambia kitu ambacho mara ya kwanza haikukuambia. Na ukisikia harufu ya kuungua au ukaona moshi, usibonyeze hata hiyo mara ya pili. Zima swichi ya ukutani, chomoa plagi, mwite mkubwa. Nilisogeza pua nyuma ya boksi nikanusa. Palinuka vumbi na unyevu wa mvua, basi.

Nina maswali mawili ambayo humuuliza kila anayeniletea kompyuta isiyowaka. La kwanza: iliwaka lini mara ya mwisho, na tangu hapo kimebadilika nini? Kijana akasema iliwaka jana jioni, akaizima vizuri, akalala, mvua ikaja. "Hakuna kilichobadilika," akamalizia, na macho yake yakashuka sakafuni. Niliyaona, nikaliweka hilo moyoni.

La pili: haiwaki kabisa, au inawaka ila kioo hakionyeshi kitu? Hapa wengi huchanganya. Kuna kompyuta ambayo feni inavuma na taa ya mbele inawaka, lakini monita ni nyeusi tii. Hiyo imeamka. Tatizo lake liko kwenye monita, kwenye waya wa monita, au kwenye kibao cha kumbukumbu, ramu, kilicholegea kitini pake, na dawa yake ni nyingine kabisa. Yetu haikuwa na taa wala sauti.

Tulianza ukutani. Uniti za umeme zilikuwapo na taa ya sebuleni ilikuwa inawaka, ila taa ya sebuleni haithibitishi kwamba tundu la kompyuta lina umeme. Tukachukua chaja ya simu, tukaichomeka kwenye tundu lilelile la ekstensheni ambalo kompyuta hutumia, si tundu la pembeni yake. Simu ikaanza kuchaji. Kituo cha kwanza kizima.

Kituo cha pili ni waya. Mara nyingi waya wa umeme wa monita na ule wa kompyuta vichwa vyake ni vya aina moja, kwa hiyo huna haja ya kununua mwingine ili upime. Badilisha tu. Tulipoipa monita waya wa kompyuta, kitaa chake kikawaka. Kumbe waya ni mzima, na fyuzi iliyo ndani ya plagi ni nzima pia. Plagi yenye miguu mitatu bapa huwa na fyuzi ndogo tumboni, na ikikatika, waya wote unabaki kamba.

Kituo cha tatu kiko nyuma ya boksi, na nimewahi kulipa nauli mpaka Muheza kwa ajili yake. Pale waya unapoingia pana swichi ndogo yenye alama mbili: mstari na duara. Mstari ni kuwasha, duara ni kuzima. Mtu anafagia, ufagio unagusa swichi, inahamia kwenye duara, na familia nzima inaanza kuchangishana pesa za kompyuta mpya. Yetu ilikuwa kwenye mstari. Kwenye pawa saplai za zamani, yaani kile kisanduku kinachoupokea umeme wa ukutani, utaona na kitufe kingine, chekundu, kimeandikwa 115 na 230. Hicho usikiguse hata kwa kuchezea. Umeme wetu wa ukutani ni volti 230, na ukiiambia pawa saplai itegemee 115, utasikia mlipuko na ndipo utakuwa na kompyuta mbovu ya kweli.

Njia ya nje ikaishia hapo. Ilibidi tuingie ndani.

Kabla sijachukua bisibisi nilimwambia kijana achomoe waya wa umeme, kisha ashike kitufe cha mbele akihesabu mpaka thelathini. Alinishangaa: ataibonyezaje kompyuta iliyochomolewa? Lakini ndani ya kompyuta mna vitu viitwavyo kapasita, navyo hutunza umeme kama mtungi unavyotunza maji baada ya bomba kufungwa. Ukishika kitufe bila plagi, mabaki yaliyo kwenye ubao mkuu wa ndani hutoka. Wakati mwingine hilo peke yake huiamsha kompyuta iliyoduwaa baada ya umeme kuchezacheza. Nilitumaini hivyo. Tukarudisha waya, akabonyeza, kimya.

Tukachomoa tena, tukafungua ubavu wa boksi. Hili ni la kufanya mkiwa na mkubwa anayejua, tena waya wa umeme uwe mkononi mwako, unauona. Na kwanza gusa chuma cha boksi. Mwili wako hubeba umeme mdogo usiousikia, na cheche yake inaweza kuua kifaa laini. Hapa pwani hewa ina unyevu mwingi, kwa hiyo umeme huo ni hafifu. Dodoma wakati wa kiangazi ni jambo jingine. Mimi hugusa chuma popote nilipo.

Boksi lenyewe watu wengi huliita sipiyu. Sipiyu hasa ni prosesa, kile kibapa kidogo kilichojificha chini ya feni ya katikati. Ubao mpana uliojaa vijumba na vijia ni mazabodi, na kila kitu kimepanda juu yake. Kile kisanduku cha chuma kilicho pembeni, kinachotoa nyaya nyingi kama pweza, ndicho pawa saplai. Umeme wa ukutani huingia humo ukiwa mkali wa kwenda na kurudi, hutoka ukiwa mpole wa kwenda upande mmoja: volti 12, volti 5 na volti 3.3.

Nilirudisha waya ukutani, mikono yetu ikiwa mbali, nikamwonyesha kwa tochi ya simu kona ya mazabodi. Palikuwa na kitaa cha kijani, kidogo kama punje ya mtama.

"Kinawaka!" akasema. "Sasa mbona imezimwa?"

Hapo, wanangu, ndipo mahali ninapopenda kuliko pote.

Zamani swichi ya kompyuta ilikata umeme kweli. Ile kompyuta ya IBM iliyotoka Marekani mwaka 1981 ilikuwa na swichi kubwa nyekundu ubavuni. Ukiipandisha, umeme wa ukutani unaingia, ukiishusha, unakatika. Mwaka 1995 kampuni ya Intel ikaleta mpangilio mpya uitwao ATX, na kompyuta nyingi za mezani zinaufuata hadi leo. Tangu hapo kitufe cha mbele hakikati umeme. Kinabisha hodi tu.

Na nyuma ya mlango yuko bawabu. Ilimradi plagi iko ukutani na swichi ya nyuma iko kwenye mstari, pawa saplai huipa mazabodi umeme kidogo wa volti 5 usiku na mchana, hata wewe ukiwa umelala fofofo. Huo ndio bawabu wetu. Ukibonyeza kitufe, nyaya mbili nyembamba zinagusana kidogo, bawabu anasikia hodi, anaiambia pawa saplai ifungue, na hapo ndipo mkondo mkubwa unaachiwa. Kile kitaa cha kijani kilikuwa kinatuambia kwamba bawabu yupo na yuko macho. Mazabodi nyingi zina kitaa hicho, si zote. Yetu ilikuwa nacho, tukabahatika.

Kilituambia na jambo la pili. Radi ikipita kwenye waya wa umeme, mara nyingi huanza kwa kumpiga bawabu huyo. Nilimtazama kaka yangu pale mlangoni. Hakusema kitu, lakini alisogea karibu.

"Bonyeza sasa," nilimwambia kijana, "lakini usitazame kitufe. Tazama feni ya prosesa."

Akabonyeza. Feni ikatikisika, ikazunguka robo mzunguko, ikasimama.

Mtoto alishika kichwa. Mara hamsini alizobonyeza asubuhi, boksi likiwa limefungwa chini ya meza, hakuiona robo ile hata mara moja. Na huenda ilitokea mara ya kwanza tu, kwa sababu pawa saplai nyingi zikishajifunga namna hiyo hazikubali kujaribu tena mpaka uchomoe plagi na usubiri kidogo.

Robo mzunguko ilitupa habari nyingi kuliko mvua yote ya usiku. Kitufe kinafanya kazi, maana hodi ilisikika. Nyaya za kitufe ni nzima. Bawabu alifungua mlango, mkondo mkubwa ukatoka, na kufumba na kufumbua kuna kitu kiliishtua pawa saplai ikafunga yenyewe. Kitu hicho fundi hukiita shoti: umeme umepata njia ya mkato kurudi ulikotoka bila kufanya kazi yoyote. Pawa saplai nzuri ikihisi shoti hujizima ili isiunguze nyumba. Kwa hiyo kompyuta ile ilikuwa inajilinda, na sisi tulikuwa tunaita ulinzi wake kifo.

Ikabaki kuuliza shoti iko upande gani. Ndani ya pawa saplai yenyewe, au kwenye kimoja cha vile inavyovilisha?

Kipimo kilichofuata nilikifanya mimi, kijana akisimama hatua mbili nyuma, na ninyi mkisome tu. Nilichomoa plagi ukutani. Nikaondoa vichwa vyote vya pawa saplai, na mwisho kile kipana cha matundu 24 kinachoiunganisha na mazabodi. Kati ya nyaya zake mna mmoja wa kijani. Huo ndio sikio la pawa saplai. Ukiunganishwa na waya mweusi, inadhani bawabu amesema "fungua". Nilikunja klipu ya karatasi, nikaitia mguu mmoja kwenye tundu la kijani na mwingine kwenye tundu jeusi la jirani, ndipo nikarudisha plagi. Feni ya pawa saplai ikavuma na ikaendelea kuvuma. Siku hizi pawa saplai nyingi nyaya zake zote ni nyeusi, na fundi asiyejua mpangilio wa matundu kwa moyo hana ruhusa ya kubahatisha.

Basi pawa saplai ilikuwa nzima. Ingekuwa mbovu ningeitoa nzima nzima na kuweka nyingine, bila kuifungua. Nasema hivyo mbele ya kila kijana anayekuja dukani kujifunza kazi: ndani ya kisanduku kile kapasita kubwa hutunza zaidi ya volti 300, na huendelea kuzitunza baada ya plagi kuchomolewa. Si umeme wa kukutekenya mkono. Ni wa kuua. Hata mimi, na miaka yangu yote ya kazi hii, kisanduku kile nyumbani kwa mtu sikifungui.

Shoti ilikuwa kwa walaji. Tulirudisha vichwa vyote, kisha tukaanza kuwaondoa mezani mmoja mmoja. Tulitoa nyaya za hadi diski, tukajaribu: robo mzunguko. Tukatoa za kifaa cha DVD: robo mzunguko. Tukachomoa kibodi, mausi, kila kilichokuwa kwenye matundu ya nyuma na ya mbele. Robo. Kila mara plagi ilitoka ukutani kabla mkono haujaingia, na kila mara tuliondoa kitu kimoja tu. Kijana alitaka kutoa vyote kwa pamoja tumalize. Nikamwambia, ukitoa vitano ikawaka, utajuaje mkosaji ni yupi?

Ramu nazo tulizitoa, na kwa kuwa zilikuwa mkononi nikamwonyesha meno yake ya rangi ya dhahabu. Ni dhahabu kweli, imepakwa juu utando mwembamba kabisa ili yasipate kutu. Pamoja na hayo uchafu hushika, na hapa kwetu hewa ya bahari ina chumvi. Alichukua raba yake ya shule, akayasugua taratibu mpaka yakang'aa, akapuliza vumbi la raba likaenda mbali na boksi. Haikuwa dawa ya shoti yetu. Lakini kompyuta nyingi zinazovuma bila kuonyesha kitu zimepona kwa raba ya shilingi mia chache, na nilitaka mikono yake ijue.

Ikabaki mazabodi peke yake na prosesa. Robo mzunguko.

Ndipo nilipoona kitu ambacho ningepaswa kukiona mapema. Kifaa cha DVD hushikwa na skrubu nne, mbili kila upande. Upande wa kushoto mlikuwa na mbili. Upande wa kulia mlikuwa na moja, na tundu la pili lilikuwa safi, halina vumbi.

"Baba," nikamwambia, "nani amelifungua boksi hili hivi karibuni?"

Kimya. Nje mama yake alikuwa anaosha vyombo, hata sauti ya maji ilisikika.

"Sikukasirikii. Nauliza kwa sababu mashine haiwezi kunisimulia yenyewe."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mtoto wa miaka kumi na mitatu hafichi kwa ujanja, anaficha kwa hofu. Maneno yalimtoka kidogo kidogo. Wiki iliyopita alisikia feni inapiga kelele, akafungua boksi peke yake ili afute vumbi. Alilegeza skrubu za DVD apate kupitisha brashi, moja ikamponyoka ikadondoka ndani. Aliitafuta mpaka macho yakamuuma. Akafunga, akabonyeza, kompyuta ikawaka kama kawaida, akashukuru Mungu akanyamaza. Siku saba ikafanya kazi bila shida.

"Na jana usiku?"

"Bati lilivuja, shangazi. Maji yalikuwa yanadondoka karibu na meza, umeme umekatika, giza totoro. Nikalibeba boksi nikaliweka kitandani, nikalilaza ubavu. Asubuhi nikalirudisha kabla baba hajaamka."

Sikieni vizuri alichokifanya mtoto huyu. Saa nane usiku aliamka akaiokoa kompyuta ya nyumba nzima isinyeshewe. Na katika kuiokoa, akailaza na kuisimamisha tena, ile skrubu iliyokuwa imelala mahali isipodhuru ikabingirika.

Mazabodi haikai moja kwa moja juu ya bamba la chuma la boksi. Inasimama juu ya vijiguu vya shaba vyenye kimo cha kama milimita 6, kwa sababu upande wake wa chini umejaa ncha zilizolehemewa, mamia kwa mamia, na nyingi zina umeme. Ule mwanya wa milimita 6 ni hewa tupu, na hewa hiyo ndiyo usalama wake. Nilifungua skrubu sita za mazabodi nikazipanga kwenye kizibo cha soda, nikashika ubao kwa kingo zake, nikauinua.

Skrubu ilikuwa imelala pale chini, karibu na mahali umeme wa volti 12 wa prosesa unapoingilia. Kichwa chake kilikuwa kimegusa bamba, na ukingo wa juu wa kichwa hichohicho ulikuwa umegusa ncha mbili za lehemu. Juu ya bamba paliachwa kialama cheusi, kidogo kama nukta mwishoni mwa sentensi. Kaka yangu aliichukua kwa vidole viwili akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Unene wake ni milimita 3.

Nilikagua chini ya ubao kwa tochi. Hakuna kilichoungua. Nikakagua kapasita juu ya ubao, vile vipipa vidogo vyenye kofia bapa. Zikivimba kofia au zikitoka ute, ubao unaelekea mwisho wake. Zilikuwa bapa zote. Pawa saplai ilijifunga haraka kiasi kwamba shoti haikupata muda wa kula kitu.

Kurudisha vitu nilimwachia yeye, mimi nikashika tochi. Skrubu sita za mazabodi, akazihesabu kwa sauti. Kichwa cha matundu 24, mpaka kikasema "ka". Kichwa kingine kidogo, cha umeme wa prosesa, ambacho watu husahau halafu wanasema mazabodi imekufa. Ramu, mpaka vibanio vya pembeni vikafunga vyenyewe. Nyaya za kitufe, za hadi diski na za vifaa vingine. Plagi. Kitaa cha kijani. Akanitazama.

"Bisha hodi," nikamwambia.

Feni ilizunguka robo, ikapita nusu, ikapotea katika mvumo. Hapo kuna kitambo kidogo ambacho hamtakiona kwa macho. Pawa saplai haiiruhusu prosesa kuanza kazi mara moja. Kwanza inapima volti zake zote, ikiridhika inapeleka ishara kwa waya wa kijivu: umeme uko sawa, anza. Huchukua kati ya sehemu moja na sehemu tano za kumi za sekunde. Ishara ikifika, prosesa inaamka, inakagua ramu na kibodi, na baadhi ya kompyuta hutoa mlio mmoja mfupi wa kusema zimejiona ziko sawa. Yetu ililia "pii". Wifi yangu alikuja mbio kutoka uani na mikono ina povu la sabuni.

Insha ya mkonge ilikuwapo, aya zote. Na saa iliyo pembeni mwa kioo ilikuwa inasoma dakika sahihi kabisa. Saa hiyo hulindwa na betri bapa ya volti 3 iliyo kwenye mazabodi, ile aliyoishuku jirani. Betri ikichoka, kwa kawaida saa na tarehe hupotea. Kuzuia kompyuta isiwake si kawaida yake. Tulimwambia aliporudisha ndoo.

Kaka yangu hakumgombeza mwanawe. Alipanda juu ya bati jioni ileile akaziba tundu.

Kwenu mnaosoma, nina ombi. Kompyuta ikigoma kuwaka, tundu la ukutani, waya, na swichi ya nyuma ni vyenu kuvipima, na kushika kitufe sekunde thelathini plagi ikiwa nje ni kwenu pia. Boksi lifungueni mkiwa na mkubwa anayejua. Pawa saplai msiifungue kamwe. Radi zikianza kunguruma, chomoeni plagi na waya wa intaneti, maana siku nyingine radi huwa ndiyo kweli. Na fundi akiwauliza kimebadilika nini, mwambieni yote, hata lile dogo mnaloliogopa. Mpwa wangu angeniambia habari ya skrubu asubuhi ile kwenye simu, ningeinua ubao kabla chai haijapoa. Tulimaliza saa saba mchana.

Kifaa cha DVD sasa kina skrubu nne.